Madalali wa nyumba Mwanza: tunawapa alama ngapi, na namna ya kufanya nao kazi mkaelewana

Mwanza vyumba vingi vya kupanga havibandikwi tangazo popote. Chumba kikibaki wazi Nyegezi, Kiseke au Igoma, habari inamfikia kwanza kijana wa kijiweni, na ndiye anayejua ufunguo umeachwa kwa nani. Mgeni anayeshuka stendi ya Nyegezi na mwenyeji anayehama kutoka Kirumba kwenda Buhongwa wote watapita mikononi mwa dalali, wapende wasipende. Je, huduma hiyo inastahili hela inayolipwa?

Inastahili, na kwa dalali wa mtaa inastahili kuliko wapangaji wanavyopenda kukiri. Kasoro yake kubwa iko kwenye mpangilio wa malipo. Dalali anachukua chake siku nyumba inapopangishwa. Bomba likikauka wiki ya pili, au mwenye nyumba akitokea mwingine, mfuko wake haupungui kitu. Ugomvi mwingi kati ya dalali na mpangaji una mzizi hapo, na dawa yake ni makubaliano yanayofanywa kabla hamjaanza kuzunguka.

Bei yake

Kiwango kilichozoeleka ni kodi ya mwezi mmoja, na anayelipa ni mpangaji. Tuchukue chumba na sebule cha shilingi 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita: hapo ni 900,000 za kodi na 150,000 za dalali, yaani 1,050,000 kabla ya kukodi kirikuu na kununua kitasa kipya. Wengine wanadai pia hela ya kuzungushwa, na kila mmoja ana bei yake. Hatuna ugomvi na hela hiyo, maana mafuta ya pikipiki yanaungua hata nyumba isipopatikana. Ila ikubalike kwamba inalipwa mara moja kwa mzunguko mzima, si kwa kila mlango, na kwamba nyumba ikipatikana inakatwa kwenye ile ya mwezi mmoja.

Kinachoumiza ni cha juu. Mwenye nyumba anataka 150,000, dalali anakutajia 180,000, anapokea kodi ya miezi sita mwenyewe na kubaki na 180,000 zaidi ya ada yake. Njia ya kukizuia ni nyepesi: kodi iende moja kwa moja kwenye akaunti au namba ya simu ya mwenye nyumba, jina linalotokea wakati wa kulipa lifanane na jina la kwenye mkataba, na dalali alipwe yake kando, kwa muamala wake. Dalali mkweli hakatai utaratibu huu. Anayesema mwenye nyumba hapendi kusumbuliwa, yuko safarini, hela apokee yeye, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Kuhusu ile kasoro ya malipo, mwombe dalali apokee ada kwa awamu mbili. Sehemu kubwa apewe siku ya kusaini na kukabidhiwa funguo, na robo ibaki kwa siku saba. Ndani ya siku saba mgao wa maji utakuwa umeonekana ulivyo, na umeme utakuwa umenunuliwa walau mara moja. Kama alisema maji yanatoka siku nne kwa wiki na yametoka siku nne, mtumie robo yake siku hiyo hiyo bila kukumbushwa. Madalali wengi watasita mwanzoni. Wanaokubali ni wale wanaoijua nyumba wanayoitoa, na hao ndio unaowatafuta.

Wa kijiweni, wa mtandaoni, wa ofisini

Dalali wa kijiweni tunampa alama 4 kwa 5. Anajua nyumba ipi ina mpangaji mlevi, ipi chemba yake inafumuka kila masika, na mama mwenye nyumba yupi anafunga geti saa nne usiku. Udhaifu wake ni kwamba ujuzi wake unaishia mtaani kwake. Ukimtajia mtaa mwingine atampigia mwenzake, naye atampigia wa tatu, na ada ya mwezi mmoja inakuwa na wagawanaji watatu, kila mmoja akitafuta pa kuongezea. Swali la kwanza la kumuuliza ni hili: "Kaka, funguo ziko kwa nani, na unaongea na mwenye nyumba mwenyewe au kuna mtu katikati?" Akiwepo mtu katikati, omba mkutane wote mara moja, mkubaliane ada ni moja na wao watagawana wenyewe.

Wa mtandaoni tunampa 2. Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp yamejaa picha nzuri za nyumba zilizokwisha kupangishwa zamani, zimeachwa pale kukuvuta upige simu, kisha unaambiwa "hiyo imeondoka, ila kuna nyingine kama hiyo." Usilipe hela ya fomu wala kishika nyumba kwa picha. Omba video ya moja kwa moja, ianzie barabarani hadi getini, kisha afungue bomba la jikoni na awashe taa ukiwa unaangalia. Hana ufunguo? Basi hana nyumba. Faida ya mtandao ni kujua bei za eneo kabla hujafika, na kwa hilo unatosha.

Ofisi zenye mlango na kibao zinashika zaidi nyumba nzima na apatimenti za Capripoint, Isamilo na Bwiru, pamoja na fremu za biashara. Tunazipa 3. Zina risiti, leseni na mkataba uliochapwa, na hilo si dogo. Lakini mtu anayetafuta chumba masta cha bei ya mwanafunzi kule Malimbe hatapata mengi huko.

Ujumbe wa kwanza

Wapangaji wengi wanampigia dalali na kusema "natafuta chumba kizuri, cha bei ya kawaida." Kwa maelezo hayo atakuzungusha kutwa nzima, na kosa halitakuwa lake. Mwandikie ujumbe ambao anaweza kumsomea mwenye nyumba ulivyo:

"Habari za kazi kaka. Natafuta chumba na sebule, choo ndani, LUKU ya peke yangu. Nyegezi, Mkolani au Buhongwa, isizidi dakika kumi kwa mguu kutoka lami. Mwisho wangu ni 150,000, naweza kulipa miezi mitatu hadi sita. Tuko watu wazima wawili na watoto wawili, sina gari. Nataka kuhamia tarehe moja. Ada yako ni ya mwezi mmoja? Na kuzungushwa ni kiasi gani?"

Kila sentensi hapo ina kazi. LUKU ya peke yangu maana yake ni mita ya umeme ambayo hushei na mpangaji mwingine. Idadi ya watoto isifichwe, kwa sababu mwenye nyumba akiwaona siku ya kuhamia anaweza kubadilika, na dalali ndiye atakayeaibika. Maneno "kwa mguu" yasiachwe, maana "dakika tano kutoka lami" ya dalali mara nyingi ni ya pikipiki. Kutaja barabara kunasaidia pia, kwa kuwa mji huu umenyooka kwa njia tatu kubwa: Kenyatta kwenda Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Buhongwa, Nyerere kwenda Mabatini, Nyakato, Buzuruga na Igoma, Makongoro kwenda Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege. Mtu anayefanya kazi Bugando na mwingine anayefanya kazi Igoma hawafai kuzungushwa kwenye njia moja.

Msimu nao uzingatiwe. Vyuo vikifunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, vyumba vya Malimbe na Nyegezi vinagombaniwa, na dalali hana sababu ya kukupunguzia. Anayeweza kuchagua, atafute nyumba masika, Machi hadi Mei. Wanaohama ni wachache, na mvua yenyewe inakuonyesha paa linalovuja.

Maji, mawe na ziwa

Hapa ndipo dalali mzuri anapostahili ada yake yote. Mwanza imejengwa juu ya mawe, na tofauti ya mita chache za mwinuko inaamua kama bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, litatoa maji mchana, usiku wa manane tu, au siku mbili kwa wiki. Chanzo cha Butimba kimeongeza maji juu ya yale ya Capripoint, lakini presha bado inapanda kilima kwa shida. Usiulize "maji yapo?" Jibu ni "yapo" siku zote. Uliza: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yanafika kwenye bomba la ndani au yanaishia la uwani? Kisha muulize jirani maswali hayo hayo, dalali akiwepo. Majibu yakifanana, umepata mtu wa kufanya naye kazi.

Angalia simtanki na upige hesabu. Familia ya watu wanne hutumia kwa urahisi ndoo nane hadi kumi za lita 20 kwa siku, yaani lita 160 hadi 200. Tanki la lita 1,000 linalotumiwa na familia tatu ni la siku mbili tu hivi. Maji yakikatika siku tatu, mtanunua ya mkokoteni, na kodi iliyoonekana nafuu haitakuwa nafuu tena. Angalia kama tanki liko juu ya mnara au limewekwa chini; la chini linahitaji pampu, na pampu inakula umeme wa mtu.

Nyumba za mlimani, mfano Bugarika, Igogo, Mabatini na sehemu za Isamilo, zina hewa safi na bei nzuri. Zina mambo mawili ambayo dalali hayataji asipoulizwa. La kwanza ni kwamba kirikuu kinaishia chini, na friji na kabati vitapandishwa kwa mabega ya vijana. Bei ya kupandisha ijulikane kabla ya siku ya kuhama. La pili ni shimo la choo. Penye mwamba halichimbiki kina, linajaa upesi, na gari la kunyonya majitaka halifiki kila mahali. Uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho na nani alilipa, au kama nyumba imeunganishwa na bomba la majitaka.

Bondeni kuna habari nyingine. Kandokando ya Mto Mirongo tazama kuta za nje. Mstari wa tope au rangi iliyobanduka kwa usawa mmoja unaonyesha maji yalifika wapi. Ufukweni, Luchelele au Igombe, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na kwamba mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda sana. Nyumba yenye mandhari ya kuvutia hatua ishirini kutoka majini usiilipie kodi ya mwaka mzima.

LUKU

Hili linastahili aya zake kwa sababu madalali wengi wenyewe hawalijui, wala hawadanganyi wanaposema "LUKU mnashea, lakini mko wachache tu."

Mteja mdogo wa TANESCO wa majumbani, daraja la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Anayezidi anahamishiwa T1, na huko uniti ni shilingi 292. Familia nne zinazotumia uniti 40 kila moja, zikiwa na LUKU nne, zingelipa jumla ya shilingi 16,000. Zikiwa kwenye LUKU moja ni uniti 160 kwa bei ya T1, yaani 46,720. Hapo hata ugomvi wa nani anapiga pasi haujaanza. Mita ndogo zinazofungwa kila mlango zinasaidia kugawana kwa haki, lakini haziishushi bei ya uniti, kwa kuwa TANESCO inaiona mita kubwa peke yake. Kwa hiyo kati ya chumba cha 100,000 chenye LUKU ya kushea na cha 110,000 chenye LUKU yake, tungechukua cha pili.

Mwombe dalali akuombee kwa mwenye nyumba ujumbe wa mwisho wa kununua umeme. Elfu kumi ikitoa uniti 28 hivi, hiyo ni T1. Angalia pia makato. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023, na nyumba ikikaa tupu inajilimbikiza. LUKU iliyolala miezi sita itameza 9,000 kwenye manunuzi yako ya kwanza. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mkubaliane mapema, mbele ya dalali, kwamba itapunguzwa kwenye pango. Mita yenye deni la zamani nayo inakata sehemu ya kila unachonunua, na deni la maji linabaki na mita hata aliyelifanya akihama. Bili ya mwisho ya maji ionekane na iwe imelipwa kabla ya kusaini.

Ni nyumba ya nani?

Bili ya maji na risiti ya LUKU zina jina. Linganisha na kitambulisho cha NIDA cha anayejiita mwenye nyumba. Majina yakitofautiana si lazima kuwe na wizi. Huenda nyumba ni ya marehemu. Hapo omba barua ya usimamizi wa mirathi, na mkataba asaini msimamizi mwenyewe. Nyumba ya urithi iliyopangishwa na mtoto mmoja, wengine hawajui, inamtoa mpangaji nje na kodi yake ya miezi mitano ikibaki ndani. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kulipa, si baada. Utahitaji kujitambulisha kwake vyovyote, na yeye anawajua wenye nyumba wake. Jihadhari zaidi na mpangaji wa sasa anayekukabidhi chumba "umalizie kodi yake" bila mwenye nyumba kujua.

Wapangaji nao wanakosea

Madalali wana malalamiko ya haki. La kwanza ni kurukwa: mtu anaonyeshwa nyumba saa nne, jioni anarudi peke yake kwa mwenye nyumba, anakana dalali. Aliyekuonyesha nyumba analipwa, hata kama ulimalizana na mama mwenye nyumba bila yeye. La pili ni kutuma madalali watano kwa wakati mmoja. Wawili wakikupeleka nyumba ile ile, wote watadai, na hapo mtu anaweza kushikwa koo getini. Kanuni ya kijiweni ni kwamba wa kwanza kuonyesha ndiye mwenye ada. Kwa hiyo kila dalali mpya anapokutajia nyumba, uliza iko wapi hasa kabla ya kwenda, na kama umeshaiona mwambie papo hapo: "Hiyo nimeonyeshwa na mwenzako." Ukichelewa miadi ya kwenda kuona nyumba, piga simu. Ukipata nyumba kwingine, mjulishe usiku huo huo asiendelee kuunguza mafuta kwa ajili yako.

Na bei ikishakubaliwa na mwenye nyumba kwa mdomo wa dalali, usianze kushusha upya sebuleni kwa mzee wa watu. Punguzo liombwe kabla, na liombwe pamoja na sababu: "akipunguza elfu kumi nalipa miezi sita badala ya mitatu."

Siku ya kusaini

Mkataba uwe na nakala tatu, dalali asaini kama shahidi. Uandike kodi, tarehe, nani anatengeneza nini, notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote, na kodi iliyobaki itarudishwaje mmoja akivunja. Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, unalipwa TRA. Wengi wanauacha, kisha mgogoro ukifika mbele wanakuta karatasi yao haipokelewi kama ushahidi. Shauri likizuka, Baraza la Kata linasuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linaloamua.

Piga video ya kila chumba dalali akiwepo: vitasa, masinki, vioo, madoa ya dari. Soma mita ya maji, soma uniti zilizobaki kwenye LUKU, hesabu funguo, vyote viandikwe nyuma ya mkataba. Kitasa cha mlango mkubwa badilisha siku hiyo, kwa sababu ufunguo umepita kwenye mikono mingi.

Muda ukiisha na unaongeza, dalali hana ada ya pili; alilipwa kwa kukuingiza. Ila unapopanga kuondoka, mpigie mwezi mmoja kabla ya kutoa vitu. Atapata wa kuingia, mwenye nyumba hatakuwa na chumba kitupu, na kodi yako iliyobaki, ambayo wenye nyumba husema wameshaitumia, itarudi kwa hela ya mpangaji mpya siku anayosaini.